Mwalimu Aliyefundisha kwa Ubishi

Kitu cha kwanza mpiga pasi alichokiona kwa mwalimu wake wa udereva ni viatu. Cha kushoto kiling'aa kama kimetoka dukani jana. Cha kulia kilikuwa kimelika soli upande wa vidole, na ngozi yake imejikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Gari la shule lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu, na kiatu kile kilieleza bila maneno jinsi breki ya mwalimu ilivyofanya kazi. Mpiga pasi alikitazama, akafunga mkanda.

Kitu cha pili hakukiona, alikisikia. Hata kabla hajawasha gari, mwalimu alimwuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya:

"Dada, ungekuwa Mmarekani ungepigia kura chama gani? Chenye nembo ya tembo au ya punda?"

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine aliyeshika usukani?"

Kiti cha nyuma kilicheka. Hapo alikaa karani mmoja wa benki, kijana wa tai na manukato, kwa kuwa shule ile ilichukua wanafunzi wawili wawili: mmoja anaendesha, mwenzake anangoja zamu yake nyuma. Mpiga pasi alikuja kujifunza klachi na gia, si mambo ya Marekani, lakini hakutaka kuonekana mtovu wa adabu siku ya kwanza. Akasema kwamba akilazimishwa, basi punda, maana punda angalau anabeba mizigo.

"Heee! Punda!" Mwalimu alijipiga paja. "Haya, washa gari, ingiza gia ya kwanza, taratibu, halafu unieleze tembo amekukosea nini."

Gari likaondoka, likiruka kidogo kama chura. Mpiga pasi akaanza kueleza. Alipofika mahali pazuri pa hoja yake alimgeukia mwalimu amtazame usoni, na mkono wa kushoto ukaacha usukani ukaenda hewani kumsaidia kusema. Gari nalo likafuata njia yake, likielekea kwa heshima zote ukuta wa duka la vipuri. Kiatu cha kulia kikashuka. Wote watatu wakainama mbele pamoja kama watu wanaosalimiana.

"Kura yako imeharibika," alisema mwalimu. "Rudi nyuma tuanze upya."

Mpiga pasi hakuwa na muda wa kuanza upya mara nyingi. Kazini kwake, katika kiwanda cha kufulia mashuka na taulo za hoteli na hospitali, mzee aliyeendesha gari la kusambaza nguo alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Meneja, mama asiyepoteza maneno, alikuwa amemwita pembeni akamwambia: "Leseni mkononi kabla mzee hajaondoka, funguo ni zako. Ukichelewa, natangaza nafasi." Na mpiga pasi aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka akiwa mtu mzima. Si kwamba alichoka kusimama kwenye mvuke, ingawa alichoka. Alitaka kujua mashuka yanakwenda wapi. Alizijua hoteli zote kwa madoa yao: ile ya wapenda kahawa, ile ya wanawake wapaka hina, ile ambayo wageni wake hulala na viatu. Lakini hakuwahi kuona hata mlango wa mojawapo.

Zamu ya karani ilipofika, mpiga pasi alikaa nyuma akatega masikio. Karani alijitangaza mtu wa tembo, akitumaini kumfurahisha mwalimu. Mwalimu yule yule, aliyemcheka punda nusu saa iliyopita, sasa akamtetea punda kwa machozi. Wakaingia kwenye mpira. Karani alishabikia timu nyekundu, mwalimu akawa wa bluu tangu tumboni mwa mama yake. Siku ya pili, gari lilipopita mbele ya mgahawa wenye picha ya timu ya bluu, mpiga pasi akathubutu kusema kwamba bluu wanacheza vizuri. Mwalimu akamjia juu: bluu gani, wale wazee wanaotembea uwanjani?

Kiwandani aliwauliza wenzake wawili waliowahi kupitia mikononi mwa mwalimu huyo. Mmoja, mkunja taulo, alikula kiapo kwamba ni mtu wa tembo. Wa pili, wa stoo ya sabuni, karibu amrushie ndoo.

"Yule? Punda mtupu! Alinisumbua mwezi mzima!"

"Shoga, ulikuwa gari moja na mimi au ulikuwa ndotoni?"

Basi mpiga pasi akashikwa na hamu. Alitaka leseni, ndiyo, lakini alitaka pia kujua mtu huyu mwenyewe, akiwa peke yake na chai yake, anawaza nini. Somo lililofuata akamwuliza waziwazi.

"Mwalimu, wewe hasa uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa kushoto wa barabara. Na wewe rudi huko, unaingia wa mwenzako."

Wakaegesha chini ya kivuli cha bango la matangazo. Labda mwalimu alimwonea huruma, maana alizima redio yake ndogo iliyokuwa ikisoma matokeo ya ligi, akaongea kwa sauti ya kawaida. Zamani, alisema, alikuwa mwalimu wa kimya. Gari lake lilikuwa kama maktaba. Wanafunzi wake wote walifaulu mtihani kwa mara ya kwanza na walimletea soda. Halafu, wiki chache baadaye, walianza kurudi mmoja mmoja. Huyu taa imevunjika, yule mlango umebonyea, mwingine kaparamia bustani ya jirani. Aliwauliza kila mmoja ilikuwaje, na kila mmoja alianza kwa maneno yale yale.

"Nilikuwa naongea na shemeji. Nilikuwa nabishana na mke wangu. Rafiki yangu alisema ile penalti ilikuwa halali." Mwalimu alitikisa kichwa. "Nilikuwa nawafundisha kuendesha gari lisilo na watu, dada. Gari la hivyo umewahi kuliona wapi? Mtu akipanda, anapanda na mdomo wake. Kwa hiyo nikaanza kusoma magazeti, nipate cha kubishana nao."

"Na kwa nini Marekani, mwalimu?" aliuliza karani. "Siasa za hapa hapa hazitoshi?"

"Za hapa watu wanapigana kweli. Za kule kila mtu ana maoni, na hakuna anayeshuka garini akiwa adui yangu."

Mpiga pasi alifikiri ameipata dawa. Tangu siku hiyo aliamua kukubali kila kitu. Mwalimu akisema refa wa jana alikuwa kipofu, yeye anajibu, "Kipofu kabisa." Mwalimu akisema mikanda ya viti vya nyuma ni mapambo tu, yeye anajibu, "Mapambo tu, mwalimu." Gari likaenda sawasawa kama limewekwa kwenye reli. Alipoegesha alijiona dereva kamili, akamwomba mwalimu amwandikishe kwa mtihani.

"Sikuandikishi."

"Kwa nini? Leo hujakanyaga breki hata mara moja!"

"Kwa sababu leo hukuwepo. Umesema mikanda ya nyuma ni mapambo. Wewe, mama wa watoto, unaamini hivyo?"

"Siamini."

"Basi ukimeza maneno ili uendeshe, siku moja yatakuja kukutoka kwenye mzunguko wa barabara, saa ya msongamano. Siku utakayonibishia mpaka nikose la kusema, na kiatu changu kisisogee, ndiyo siku nitakayokuandikisha."

Alirudi kazini amenuna. Mzee wa gari la nguo alikuwa ameanza kuondoa vitu vyake: mto wa kukalia, chupa ya chai, kitambaa cha kufutia kioo. Mpiga pasi alisimama kwenye mashine yake, ambayo humeza shuka lililokunjamana na kulitema limenyooka, huku ikinguruma kama ndege inayotaka kuruka. Upande wa pili wa mashine mkunja taulo alimwita. Mpiga pasi hakusikia neno. Aliinua uso, akaangalia midomo yake, akasoma kwamba chai iko tayari, akajibu kwa mkono: nakuja.

Mkono ukabaki hewani.

Aligeuka akatazama ukumbi mzima. Kila mtu pale aliongea hivyo hivyo. Mashine zilikuwa na kelele kiasi kwamba usipomtazama mtu usoni hujamsikia, na usipotumia mikono hujamjibu. Miaka yote hii, bila mtu yeyote kumfundisha, alikuwa amejifunza kuongea kwa macho na vidole. Ndiyo maana garini shingo iligeuka yenyewe! Haukuwa uzembe, wala hakuwa mgumu wa kuelewa kama alivyoanza kujishuku. Ilikuwa ni kazi yake imemkaa mwilini. Akacheka peke yake, mkunja taulo akamwuliza kwa vidole kama amepata wazimu.

Jioni alimweleza mumewe. Mume alikuwa fundi wa makochi, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni. Alisikiliza, akatema misumari kwenye kopo, akavuta fremu ya kochi la watu wawili isiyo na kitambaa bado, akaigeuzia ukutani.

"Kaa hapa. Shika hii." Akampa mfuniko wa sufuria kubwa. "Tazama ukuta. Mimi nakaa kushoto. Ukinigeukia, umeua mtu."

"Tutabishana nini?"

"Sijui. Hao Wamarekani wako."

"Wewe ungepigia nani?"

"Simpigii mtu. Makochi yangu hawanunui, kura yangu wataitoa wapi?"

"Hilo si jibu, mume wangu!"

"Umegeuka. Mazishi kesho."

Waliendelea hivyo jioni baada ya jioni, macho yote manne ukutani. Watoto walipita wakiinama wasicheke. Jirani mmoja alichungulia dirishani, akaona mke na mume wamekaa kwenye mifupa ya kochi wakigombana na ukuta, akaondoka polepole. Na lilitokea jambo ambalo mpiga pasi hakulitarajia. Aligundua kwamba asipomtazama mumewe, mumewe huongea zaidi. Alisikia kwamba aliwahi kuwa golikipa na aliacha kwa sababu ya kuogopa mpira wa adhabu, kwamba anaona madereva wanaopiga honi nje ya hospitali wafungwe, kwamba anamwonea wivu kidogo huyo mwalimu. Mikono ya mpiga pasi ilitamani kuruka kutoka kwenye mfuniko, lakini ilikaa.

Zikabaki siku chache mzee astaafu. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, barabara inateleza, na karani alipanda akiwa na habari motomoto kutoka simuni.

"Dada mkubwa, umesikia? Kule Marekani mtu anaweza kupata kura nyingi za wananchi na bado akashindwa! Wanahesabu majimbo."

"Na ni sawa kabisa," alidakia mwalimu. "Ni kama ligi. Ukimfunga mtu mabao sita unapata pointi tatu. Mwenzako akishinda kwa bao moja, anapata tatu vilevile. Mabao yako matano ya ziada peleka nyumbani ukapambie ukuta."

"Si sawa, mwalimu," alisema mpiga pasi. Macho yake yalikuwa barabarani. Aliwasha indiketa, akatazama kioo cha pembeni, akaingia kwenye mzunguko. "Hayo mabao ya ziada hayaendi nyumbani. Timu mbili zikilingana pointi, tunaangalia nini? Mabao! Kwa hiyo hata ligi yako inakubali kwamba..."

Mkokoteni uliojaa magodoro ulichomoza kutoka kichochoroni, mwenye nao amejificha nyuma ya mzigo. Mpiga pasi akapunguza, akasimama, akauacha upite. Godoro la mwisho lilipita nusura liguse taa. Akaingiza gia ya kwanza.

"...inakubali kwamba kila bao lina thamani. Sasa bao la mchezaji lihesabiwe, kura ya mama mzee aliyepanga foleni itupwe? Nijibu hapo, mwalimu!"

Nyuma karani alipiga makofi. Mwalimu alitazama kiatu chake cha kulia. Kilikuwa pale pale kilipokuwa tangu waondoke. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Ijumaa, saa tatu asubuhi," alisema mwishowe. "Njoo na kitambulisho. Na ujiandae, dada, maana mtahini haongei kabisa."

Ijumaa hiyo mtahini hakuongea kweli. Alikuwa mama mwenye miwani na uso mgumu, na kazi yake yote aliifanya kwa kidole: kulia, kushoto, egesha, ondoka. Kimya kilijaa garini mpaka mpiga pasi akasikia vifuta mvua vikikwaruza kioo. Kwenye mzunguko alitamani mtu yeyote amtukanie timu yoyote. Badala yake aliangalia vioo, akahesabu pumzi, akaendesha. Waliporudi, mtahini alishuka na karatasi zake, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Sasa yeye, mwalimu na karani walikaa kwenye benchi la mbao nje ya mlango huo. Mpiga pasi alifumbata mikono mapajani. Kiwandani, saa hiyo hiyo, mzee alikuwa anapakia mashuka ya mzunguko wake wa mwisho, na meneja alikuwa amesema atasubiri simu hadi mchana. Kutoka ndani zilisikika sauti mbili, ya mtahini na ya mwenzake, zikijadiliana, lakini maneno hayakufika nje. Mpiga pasi alisogea ukingoni mwa benchi, akatega sikio, asipate kitu.

Karani, ambaye hakuweza kuvumilia kimya, alimgeukia mwalimu.

"Mwalimu, leo usiku nyekundu na bluu. Unasemaje?"

Mwalimu alikuwa ameshainuka kwenye benchi. Alikuwa ametembea hadi mlangoni, amerudi, amekwenda tena.

"Hebu nyamaza kwanza, kaka," alisema, macho yake kwenye kitasa. "Naona kama mtahini anakuja."