Watoto wa Bosi Wanafia Mlangoni

Mimi huzalisha mbwa wa kuuza. Mteja wa kwanza alinipigia simu mchana, nikiwa nachana manyoya ya mbwa.

"Mbwa uliyeniuzia amenikimbilia mlangoni anatikisa mkia," akasema. "Akalala chini. Nikadhani ananitania."

Hakuwa anatania. Alikuwa amekufa.

Nikampa pole, nikajiambia ni bahati mbaya.

Miezi miwili baadaye akapiga mteja mwingine, fundi cherehani. Yaleyale: mlango, mkia, chini.

Wa tatu alipopiga nilimmalizia sentensi. Akaniuliza nimejuaje.

Nimejuaje? Mbwa wote watatu walikuwa wa baba mmoja, na baba mwenyewe alikuwa amelala juu ya miguu yangu.

Nilimwita Bosi. Dume dogo la mbegu safi, masikio yananing'inia, uso kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Na alikuwa na cheti, bwana! Alipotimiza mwaka mmoja, daktari wa wanyama alimsikiliza moyo akaandika: safi.

Akaniambia pia nimrudishe kila mwaka, na nisimpandishe kwa jike yeyote mpaka akomae kabisa, maana mbegu hii ugonjwa wa moyo hujificha utotoni.

Mimi nikasikia neno moja tu. Safi.

Cheti nikakitia fremu sebuleni. Kila mnunuzi namsimamisha mbele yake kama anapiga picha ya pasipoti. Bosi akazaa watoto kumi na mmoja.

Baada ya simu ya tatu nikamrudisha kwa daktari, nimechelewa miaka mitano. Hakunigombeza. Alinivalisha kile kifaa cha masikioni, akasema nisikilize mwenyewe.

Moyo mzima hupiga du-du, du-du. Wa Bosi ulipiga du, halafu shwaa, kama maji yanayovuja nyuma ya ukuta. Vali, kile kilango cha ndani ya moyo, haifungi, damu inarudi ilikotoka.

Tangu siku hiyo ninaisikia ile shwaa. Kwenye bomba la jikoni. Kwenye pasi. Mke wangu alinikuta nimebandika sikio kwenye friji, akaniuliza friji imesemaje.

Sikucheka. Mtoto mmoja wa Bosi yuko kwa mama mzazi wa mke wangu.

Mama mkwe alipofiwa na mumewe alinyamaza karibu mwaka mzima. Nikampelekea kimbwa. Akaanza kuongea nacho, kisha akaongea na sisi. Alikiita Mpangaji, kwa sababu kinakula, kinalala, hakilipi.

Sasa Mpangaji alikuwa anakaribia umri waliokufa nao wale watatu.

"Utamwambia wewe," mke wangu akasema. "Fremu sikutundika mimi."

Nikaenda. Sikuthubutu kubisha hodi. Nilipiga simu nikiwa nje, nikamwomba amshike mbwa kwanza, asije akakimbilia mlangoni. Akafungua, Mpangaji kwapani.

Nikamweleza yote, nimekaa ukingoni mwa kiti kama mtuhumiwa. Nilipomaliza akavuta droo, akatoa kidonge, akakificha ndani ya kipande cha ini, akamlisha mbwa.

"Mwaka wa pili huu anameza," akasema. "Daktari alisikia mlio nilipompeleka chanjo."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza, mwanangu. Siku ileile ya chanjo nilipita kwenu, nikakuuliza baba yake unampima lini. Ukanishika mkono ukanipeleka kwenye fremu yako."

Sikumbuki.

Ndilo linalonitafuna. Nimejaribu kuikumbuka siku hiyo, siioni. Wakati huo wale watatu walikuwa hai, na kidonge kama hicho pengine kingewaongezea miaka.

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Alinisogezea simu yangu juu ya meza.

"Wamebaki saba. Anza na wenye watoto wadogo nyumbani."

Nikapiga mbele yake. Wa kwanza akanitukana, haki yake. Wa pili akalia. Wa tatu na wa nne wakaniuliza wampeleke wapi mbwa, nikawaelekeza.

Wa tano alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Asante. Tumemzika juzi."

Bosi nilimhasi wiki hiyo. Siku hizi sipandishi mbwa kabla baba na mama hawajasikilizwa moyo mwaka huohuo.

Na wewe unayetafuta kimbwa, mwombe muuzaji karatasi ya mwaka huu, ya wazazi wote wawili. Akikuonyesha ya zamani huku anatabasamu, ondoka. Namjua mtu huyo. Ana maneno matamu sana.