Uyoga Uliomsubiri Method

Elieth alikuwa hodari wa kuwageuza wazee vitandani. Katika nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi, kule Lanham, Marekani, hata bibi aliyempigia kelele kila muuguzi alinyamaza mikono ya Elieth ilipomshika. Nyumbani kwao sifa hiyo haikumsaidia kitu. Mimi nilipanga chumba katika nyumba yake, juu ya besimenti ile ya chini ya ardhi, nikayaona yote, na hadi leo nikiyakumbuka nakasirika.

Kiangazi cha mwaka 2006 baba yake, Mzee Cosmas, alikuja kutoka Karagwe kukaa naye miezi mitatu. Elieth alimpikia, alimfulia, alimkanda miguu. Mzee hakusema asante hata siku moja. Kila alipokaa mezani alizungumzia vibanja vyake vya migomba: akirudi atawagawia watoto wake wawili, na kile cha bondeni, chenye rutuba, kitakwenda kwa anayejua kulima.

"Wewe Elieth," alikuwa akimwambia mbele yangu, "hata maharage yalikushinda."

Maharage hayo yalikauka Elieth akiwa na miaka tisa.

Kibanja cha bondeni alikitaka kuliko kitu chochote duniani. Alitaka kujenga pale akizeeka, asije akafia Marekani akigeuzwa kitandani na mtu asiyemjua. Basi akaamua kumwonyesha baba yake kwamba anajua kulima. Alichemsha majani makavu ya ngano, akayashindilia kwenye mifuko ya plastiki pamoja na mbegu za uyoga alizoagiza kwa posta, akaitundika mifuko besimenti. Wiki ya mwisho ya ugeni wa mzee, uyoga ukachomoza.

Alhamisi asubuhi ulikuwa tayari. Elieth alinionyesha kingo za kofia za uyoga, bado zimeinama chini. Zikishapinda kwenda juu, aliniambia, uyoga unamwaga vumbi jeupe na unatafunika kama kandambili.

Mzee akashuka ngazi na mkongojo wake.

"Usiuguse," alisema. "Malimbuko kwetu hukatwa na mtoto wa kiume. Ukikata wewe, mimi siutii mdomoni."

"Lakini baba, keshokutwa utakuwa umeharibika."

"Mwite kaka yako."

Kaka yake, Method, aliishi Annandale, mwendo wa dakika arobaini kwa gari, na katika miezi ile mitatu alikuwa amekuja mara mbili. Alipokea simu akitafuna.

"Dah, sista, niko na double shift. Sunday nita-drive nije, baada ya church."

Nilimwambia Elieth avune tu. Mzee aliposinzia mchana, akavuna mifuko yote isipokuwa mmoja, akisokota mashina taratibu, akauweka uyoga kwenye mfuko wa karatasi na kuuficha ndani ya friji, chini ya mchicha. Mfuko uliobaki alimwachia Method.

Jumapili mfuko huo ulitia aibu. Kingo zimepinda juu, vumbi limetapakaa sakafuni, vijidudu vinaruka. Method aliziba pua kwa tai yake. Elieth akamweleza kila kitu, nami nipo.

"Wewe kata huu, ajue umekata. Nitapika ule wa Alhamisi. Akishakula akaridhika, mwambie ni mimi niliyelima na ni mimi niliyejua siku ya kuvuna. Mimi hatanisikiliza, ila wewe hawezi kukukasirikia."

"Don't worry, sista. Mzee namjua. Nitamwambia."

Mzee macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliona beseni la uyoga mikononi mwa mwanawe, akatikisa kichwa kwa furaha. Elieth alipika uyoga wa Alhamisi kwa karanga, na ndizi pembeni. Mzee alikula sahani mbili, kisha akaegemea kiti.

"Huu umevunwa siku yake," alisema. "Dada yako alitaka kuukata Alhamisi. Tungekula kitu kichanga, hakina ladha. Method, hujashika jembe miaka kumi, lakini damu haipotei. Kibanja cha bondeni ni chako."

Elieth aliacha kupakua. Alimtazama kaka yake. Nami nilimtazama, nikingoja. Method alitafuna, akameza, akajifuta mdomo. Kisha akainuka kidogo kwenye kiti, kama watoto wa kwao wanavyofundishwa, akaupokea mkono wa baba yake kwa mikono miwili.

"Asante, baba," alisema. Akasukuma sahani yake upande wa pili wa meza. "Elieth, niongezee mchuzi."

Elieth akamwongezea.