Chungu Kilichofungiwa Wanaume

Baba alipomwacha mama, mwishoni mwa miaka ya sitini, wazee waliamua kwamba mama achume safu za chai za upande wa mto, auze majani, atulishe. Zingekuwa zake hadi siku atakapoolewa tena. Baba mwenyewe alikuwa na mke mpya tayari, na kuoa kwake hakukumpunguzia hata mche mmoja. Hilo hakuna mzee aliyeliuliza.

Tangu siku hiyo baba akawa anamtafutia mama mume. Sijaona tena mtu akimtafutia mwanamke mume kwa bidii namna ile. Mwanamume akipita tu karibu na ua wetu, baba ameshafika barabarani kuulizia ni nani na amefuata nini.

Mlango wetu ulipooza, mama alimwita fundi kutoka Nyaramba. Alifanya kazi kutwa nzima, na kwetu fundi haondoki na njaa. Mama akampa ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga yetu chungu. Kesho yake baba alikuwa mbele ya wazee akifoka kwamba mwanamke anayempikia mwanamume jioni ameshaolewa, basi huyo aliyeshiba amtunze. Fundi akaitwa.

"Ulikula?"

"Nilikula. Na mboga ilikuwa tamu."

Bwege yule! Wazee wakamwonya mama kwamba wakisikia tena amempikia mwanamume, chai inarudi kwa baba.

Nilitamani kuwatemea mate. Mama hakubishana. Alirudi nyumbani, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyekula kwetu. Hata mjomba, kaka yake wa tumbo moja, alipotembea kwa miguu kutoka Kiogoro, alipewa kiti na maji. Aliondoka amenuna, na mama akalia huku akiosha kikombe. Nilimchukia baba siku ile, na sijaacha.

Miaka ya sabini ilipoanza, yule mke mpya alimchoka baba akarudi kwao. Jioni moja ya mvua baba akaja kwetu. Alikuwa amekonda. Aliketi bila kukaribishwa, akanyoosha miguu kuelekea motoni, akakitazama chungu.

"Mama watoto, hata ugali kidogo hakuna?"

Mama aliendelea kusonga.

"Upo, baba watoto. Ila wazee walisema nikimpikia mwanamume nimeolewa, na mimi naitaka chai yangu."

"Wale walisema wanaume wengine. Mimi si mgeni hapa."

"Basi nenda kwanza ukawaulize kama wewe unahesabiwa mwanamume."

Baba alinigeukia mimi, labda akidhani nitamtetea. Niliinuka, nikamfungulia. Alipotoka mvuani nikaufunga ule mlango wa fundi, nikaweka komeo. Tukala, na asubuhi tukateremka mtoni kuchuma chai.