Fundo la Sanda Mkononi

Mimi ni mwosha maiti wa wanawake hapa Kaole. Kazi hii nilirithi kwa shangazi yangu, na upweke wake nikaurithi humo humo, ingawa huo hakunitajia. Nikipita asubuhi na kikapu changu kwenda kununua dagaa tu, majirani huuliza kutoka barazani nani katutoka. Nawajibu kwamba leo wamekufa dagaa peke yao. Wanacheka, lakini mkono hawanipi.

Mwaka jana kifua kilinibana mpaka nikapelekwa hospitali Dar es Salaam. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono wa kulia hadi moyoni, wakazibua palipoziba. Kisha wakanivisha bangili ya plastiki iliyojazwa upepo ili damu isitoke, na nesi akawa anakuja kuipunguza upepo kidogo kidogo. Alipoivua alibandika plasta, akaniambia nikiona damu nibonyeze hapo kwa kidole. Binti yangu yuko Maskati. Alipopiga simu kuuliza niko na nani, nikamwambia niko na jirani. Kwenye kiti cha huyo jirani palikuwa na kikapu changu.

Siku niliyoruhusiwa, nikiwa ndani ya basi, niliona tone la damu kwenye plasta, dogo kama punje ya mtama. Mtu mwingine angebonyeza kwa kidole yakaisha. Mimi nilifika nyumbani, nikachana ukanda wa bafta nyeupe, ile ninayofungia sanda, nikajifunga kifundo kwa mkono wa kushoto na meno. Sijui fundo jingine. Langu ni lile linalofunguliwa kaburini tu, na miaka yote hii hakuna niliyemfunga akasema nimekaza. Nikalala nalo.

Asubuhi vidole vilikuwa vya baridi, vinachoma kama vimetambaliwa na sisimizi. Nikafungua ukanda, nikafanya kama ninavyofanya kabla ya kumwosha mtu yeyote, hata kama daktari ameshaandika karatasi: nikaweka vidole viwili chini ya gumba, nikangoja mpigo. Kimya. Nikahesabu mpaka mia, kimya vile vile. Kimya hicho nakijua kuliko mtu yeyote Kaole. Nilicheka kidogo, kisha nikaogopa kwelikweli. Bila mkono wa kulia nisingeitwa tena hata msibani, na msibani ndiko pekee ninakoitwa.

Nilirudi hospitali siku ile ile. Daktari, binti mdogo, alinipa shikamoo yangu, akapitisha kifaa cha mashine juu ya kifundo na kunionyesha mshipa ulivyozibwa na damu iliyoganda. Halafu akaibana mishipa yote miwili ya kifundo, huu na ule wa upande wa kidole cha mwisho, kiganja kikapauka, akauachia ule wa pili. Kiganja kikarudisha rangi. Akasema mkono hautakufa, mshipa ule mwingine unaulisha. Atanipa dawa ya kuzuia damu kuganda, huenda huu ukazibuka, huenda usizibuke.

"Nani alikufunga hivi, bibi?" akauliza, akitazama alama ya ukanda.

"Mimi mwenyewe."

"Na nyumbani hapakuwa na mtu wa kukwambia umekaza mno?"

Nilitaka kumtaja yule jirani. Uongo ule haukukubali kutoka mara ya pili. Nikasema hapakuwa na mtu, machozi yakanitoka mbele ya mtoto wa watu. Alikuwa bado amenishika mkono. Sikumbuki mara ya mwisho mtu hai kuushika muda mrefu hivyo, na nilijikalia tu nisije nikamkumbusha auachie.

Mshipa haukuzibuka. Vidole ni vizima, vinakuna nazi na kukamua tui kama zamani, ila nikigusa chini ya gumba hapana kitu. Nimezoea, au nasema nimezoea.

Juzi niliitwa kwa mama mmoja aliyekuwa akiishi peke yake kama mimi. Nilimshika kifundo, nikasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yangu. Nikamwosha, nikamvika sanda. Ilipofika zamu ya kufunga, wenzangu walikuwa wametoka kumwaga maji. Nikainama sikioni mwake.

"Nimekaza?"

Nilingoja kidogo, kisha nikalegeza.