Chaneli ya Kumi na Moja

Wakisema mimi ni kifungua mimba aliyejiweka mkiani, waseme. Ruta yangu iko chaneli ya kumi na moja na haitoki hapo.

Kwetu Kosele mkubwa hutangulia. Hakuna anayepanda mahindi kabla kaka yake hajatia mbegu ardhini. Kwa hiyo tulipovuta intaneti kwenye maboma yetu matatu, yanayopakana katika shamba la marehemu baba, niligawa chaneli kwa desturi hiyo hiyo: mimi ya kwanza, anayenifuata ya pili, kitinda mimba ya tatu. Kijitabu kilichokuja na ruta kilionya kwamba chaneli zilizo jirani huingiliana. Nilikisoma. Nina kidato cha nne, siwezi kusema sikuelewa. Nilipuuza tu.

Kitinda mimba wetu alikuwa amerudi nyumbani baada ya kupoteza kazi Kisumu. Siku hizi husikiliza mikutano ya watu wa ng'ambo iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno. Faili zikichelewa, kazi hupewa mwingine. Nazo zikawa zinachelewa. Badala ya kufikiri, niliongeza nguvu ya ruta yangu hadi mwisho. Mambo yakaharibika zaidi, kwake na kwangu.

Asubuhi moja nikamkuta anafunga godoro kwa kamba.

"Unaenda wapi?"

"Uriri. Nimepata chumba karibu na soko."

"Unaacha boma la baba?"

"Boma halitumi faili, omera, ndugu yangu."

Akanipa simu yake nitazame. Kwenye kioo kulikuwa na vilima vya rangi, kila kilima ruta moja. Vyetu vitatu vilikuwa vimelaliana. Juu ya changu kilisimama kingine kirefu, cha kanisa lililo nyuma ya ua wangu, nacho kwenye chaneli ya kwanza. Upande wa kumi na moja palikuwa peupe.

"Usilitoe hilo godoro bado," nikamwambia. "Wewe uko mbali na kanisa, chukua ya kwanza. Ndugu yetu wa katikati aende ya sita. Mimi nakwenda kumi na moja. Zikiachana hivyo, haziingiliani."

Wa katikati alipopata habari akaja mbio.

"Yaani mtoto wa mwisho ametangulia? Baba angesema nini?"

"Angeuliza kwa nini mwanawe anafunga godoro."

"Na msimu huu nani atapanda kwanza?"

"Mimi. Mahindi hayana chaneli."

"Basi mimi sitoki ya pili. Ni haki yangu."

"Ukibaki hapo unamvuruga aliye ya kwanza. Utatoka, au nitaizima ruta yako kwa mkono huu. Bado mimi ni mkubwa wako!"

Akaenda akinung'unika hadi kwake, akahamia ya sita. Nami nikapunguza nguvu ya yangu.

Mchana huo kitinda mimba alituma faili, kisha nyingine. Jioni akafungua godoro na kulirudisha kitandani. Kamba akaniletea nifungie ndama.

Sokoni sasa wananisalimu, "Kumi na Moja, habari ya nyumbani?" Naitika. Najuta miezi ile niliyomwacha ndugu yangu ahangaike kwa sababu ya namba. Kushuka sijutii, wala siombi radhi kwa mtu. Nyumbani tuko watatu.