Magurudumu ya Ndala za Mama

Haya, mliosimama kaeni, mliokaa sogeeni, na wewe unayetafuna mahindi tafuna taratibu, utanimezea maneno yangu. Leo asubuhi nimepita pale Mpemba, kabla ya kuingia Tunduma. Malori yamepanga foleni kama kawaida yake, na moja lilikuwa limeunguza breki. Ile harufu sasa! Mpira unaungua, watu wote wameziba pua, mimi nimesimama naivuta kama mtu aliyepita jirani na harusi. Dereva akanihurumia, akauliza, "Kaka, unaumwa?"

Siumwi, bwana. Harufu ile huwa inanibeba mpaka Ihanda, kwa bibi yangu mzaa mama, nikiwa katoto ka kaptula moja, nimechuchumaa nyuma ya jiko na kigari cha rimoti kinachotoa moshi kama tanuri la matofali.

Kigari chenyewe kilikuwa chekundu. Wekundu wake, ukikiweka uwanjani, jogoo wa bibi alikuwa anakipigia magoti. Antena yake ilikuwa ndefu, ndege walikuwa wanaomba ruhusa ndio watue. Baba ndiye alikileta. Baba alikuwa utingo kwenye malori yanayokwenda Zambia, mtu wa leo yupo Tunduma, kesho hujui yuko wapi.

Sasa hapa jamani nitaongea bila chumvi, mnivumilie. Mdogo wangu wa kike, Rehema, alikuwa bado ananyonya. Akashikwa na homa. Mama akatubeba wote wawili, akatupeleka kwa bibi ili asaidiwe kuuguza. Rehema hakupona. Baba alikuwa huko ng'ambo, lori limewafia porini, simu haipatikani. Tukazika bila yeye, pale pembeni ya mibuni. Alifika matanga yameshaanuliwa. Nilimwona mimi wa kwanza, anakuja haraka haraka katikati ya kahawa, ana tabasamu la mtu ambaye hajaambiwa, na kwapani kabana boksi lenye picha ya gari.

Kwetu sisi, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawasalimiani kwa mkono, na pale alipo mama mkwe, mkwe haingii. Ndiyo heshima yenyewe. Kukiwa na neno la lazima, linatumwa kwa mtu wa kati, na mtu wa kati asipokuwepo, linaambiwa kitu chochote kilicho karibu, mwenyewe ataokota. Basi bibi alivyomwona baba na lile boksi, akageuka, akampa mgongo, akakisemesha kinu.

"Wewe kinu, tangu uchongwe, umewahi kuona mtu anakuja msibani na mchezo wa watoto?"

Kinu kikanyamaza. Baba akanyamaza kuliko kinu. Mama alikuwa ndani, na hakutoka. Tangu tumzike Rehema mama alikuwa haongei, ukiongea naye anakutazama kama wewe ni dirisha.

Baba akanivuta mpaka njiani, akanipa boksi. Macho yake mekundu kushinda gari. Akaniambia, "Daudi, hiki kifundishe kutembea kwenye makorongo ya huku. Siku kikiweza kuvuka uwanja wa bibi yako, nipigie, nitakuja nikione." Akaondoka kwa miguu, hata hakunywa maji.

Mtoto ni mtoto. Mimi nilielewa nilivyoelewa: kigari kikitembea, baba anarudi. Kisipotembea, ndio basi tena, tumebaki wa Ihanda, na baba tumempa Zambia. Nikabeba mzigo huo mimi, mtu ambaye hata kamasi nilikuwa sijui kupenga.

Na uwanja wa bibi mlikuwa mnaujua? Mvua za kwetu zilikuwa zimeuchimba, kuna korongo pale ng'ombe aliingia asubuhi akatokea jioni. Yale magurudumu ya plastiki yaliyokuja nacho yalikuwa dhaifu kama kifuniko cha chupa. Siku ya kwanza tu yalipasuka yote. Nililia, bibi akatoka na mwiko akidhani nimeumwa na nyoka.

Nikaanza kutafuta magurudumu yasiyokufa. Nikakata magunzi ya mahindi, vipande vya mviringo, nikayachomeka. Mepesi, mazuri, kigari kikaruka kama panzi. Kikafika katikati ya uwanja, mbuzi wa bibi akala tairi mbili za mbele. Haki ya Mungu, nilibaki nimeshika rimoti, gari langu linaliwa.

Nikajaribu kokwa za parachichi. Siku hiyo hiyo zikawa sawa. Kesho yake zikakauka, zikapasuka, kigari kikawa kinachechemea kama mzee anayetoka kudai urithi.

Binamu yangu Neema, mtoto wa mjomba, ndiye alikuwa ananikejeli. Alikuwa anakaa juu ya ukuta mfupi wa zizi, miguu inaning'inia.

"Daudi, hilo ni gari au ni kikapu cha sokoni? Jana parachichi, leo utaweka ndizi?"

"Nyamaza wewe. Baba anakuja kuliona."

"Baba yako haji. Bibi amesema."

Jamani, mtoto mwenzako akikuambia neno kama hilo, unakaa hivi hivi? Nikaenda kwa mjomba, nikamwibia katambuga zake. Katambuga mnazijua, vile viatu vya tairi la lori. Mjomba alikuwa anajisifu kwamba zile aliachiwa na babu, na yeye atawaachia wajukuu. Nikasema hapo sasa! Mpira ambao umetoka bandarini mpaka Kongo, utashindwa na uwanja wa bibi? Nikazikata kwa kisu cha jikoni mpaka kisu kikawa msumeno. Nikatoa magurudumu manne mazito, meusi, yana meno. Hata nyundo ilikuwa inayaogopa.

Nikabonyeza rimoti. Kigari kikalia ngiiii, kikatetemeka, hakikusogea hata unywele. Nikabonyeza tena. Kikaanza kutoa moshi, na ile harufu ikapanda, ile ile ya leo Mpemba. Nikajua nimekiua. Na nikikiua hiki, nimemfukuza baba kabisa.

Sikulia kwa sauti. Nilikaa tu pale nyuma ya jiko, nimekikumbatia kikiwa cha moto. Ndipo nikaona miguu ya mama mbele yangu. Halafu akachuchumaa, akaligusa lile gurudumu, akalipima mkononi kama anavyopima nyama buchani.

"Gumu hili," akasema. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Haliishi leo wala kesho. Lakini kigari hiki, mtoto wa watu, kitalibebaje? Usitafute lisiloisha, Daudi. Tafuta linalobebeka."

Kisha mama akavua ndala zake. Zilikuwa za bluu, alizokuwa amezivaa siku zote za msiba, zimeliwa kisigino. Akachukua kisu mikononi mwangu, akakata vipande vinne, akaviviringisha kwa kuvisugua kwenye jiwe. Nikamwambia nilishaona magurudumu ya ndala aliyotengeneza Neema, tundu la katikati huwa linapanuka, gurudumu linayumba kama mlevi. Akanituma vizibo vya soda. Akavigongelea huku na huku, kimoja ndani kimoja nje, vikashika ndala katikati kama mkate na siagi, na tundu akalitoboa kwenye bati la kizibo, sio kwenye mpira. Juu akavisha kipande cha tyubu ya baiskeli king'ate udongo. Akafanya yote hayo bila kunitazama, kapiga magoti peku, na machozi yanadondoka juu ya ndala anayokata. Mimi mjinga nikadhani analilia ndala.

Kumbe kigari kilikuwa hakijafa, kilizimia tu kwa uzito. Kikatembea. Kikashuka korongoni, kikapanda, mbuzi akakinusa akakikataa. Tukapanda kichuguu mimi na mjomba mwenye simu, maana mtandao wa Ihanda wakati ule ulikuwa unakaa juu ya kichuguu kimoja tu. Nikapiga. "Baba, kinatembea." Nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia mwanaume mzima anavuta pumzi. "Magurudumu umeweka ya nini?" Nikamwambia, ya ndala za mama, amekata mwenyewe. Akasema, "Nakuja."

Leo nina watoto wangu, na ndio naelewa. Baba hakuwa na shida ya kuona kigari. Alikuwa anatafuta mlango, ameona aibu kugonga, akaniachia mimi ufunguo bila kuniambia ni ufunguo. Na mama alijua. Mwanamke hakati ndala zake za pekee kwa ajili ya mchezo wa mtoto.

Alikuja Jumapili, watu wametoka kanisani. Akasimama kule mwisho wa mibuni, mpakani kabisa, hawezi kuingia, bibi yupo uwanjani anachambua kahawa kwenye kichanja, kampa mgongo. Mama kasimama mlangoni peku. Mtu wa kati hakuna, mjomba kagoma, kashajua zilikokwenda katambuga zake. Nikampelekea baba rimoti. Akakileta kigari taratibu, kikavuka korongo, kikaja mpaka miguuni kwa bibi, kikasimama.

Bibi akakitazama. "Wewe gari, mwambie aliyekutuma, mwanangu amezika peke yake."

Kigari kikarudi nyuma kidogo. Baba akasema kwa sauti ya chini, anaiambia antena, "Gari, mwambie mama mkwe najua. Mwambie nimepita kaburini kwanza, ndio maana nimechelewa. Naomba watu wangu."

Bibi akaendelea kuchambua kahawa, mbovu anaweka na nzima, nzima anaweka na mbovu. "Gari, muulize, safari hii lori likimfia porini, atafanyaje?"

"Mwambie nitaliacha hapo hapo. Nitakuja kwa miguu."

Bibi akafungua mdomo ajibu, na kigari kikalia ngii, kikalala. Betri zimekwisha, zile tulizozoea kuzianika juani zipate nguvu. Baba anabonyeza, wapi. Nikamtazama mama, mama anamtazama bibi, Neema juu ya ukuta kashika mdomo kwa mikono miwili. Hakuna wa kumsemesha, kinu kiko mbali, mbuzi kalala. Hata upepo umekaa chini.

Bibi akavumilia, akavumilia, uvumilivu ukamshinda. Akageuka mzima mzima, akamtazama mkwe wake usoni mbele ya dunia, akafoka:

"Gari limekufa, wewe si una miguu? Ingia!"