Sweta la Kashmiri la Mama

Mama yangu alifuma masweta ya shule pale Iringa mpaka vidole vyake vikakataa kunyooka. Nyuzi zilikuwa nailoni tupu, lakini jicho lake halikudanganyika. Alinifundisha kupima sweta kabla sijajua kusoma: livute uone kama linarudi, lisugue kwa kiganja, vibonge vikiota haraka ujue nyuzi ni fupi, ligeuze, ukague mishono ya mabega.

Mwaka jana, mwezi wa sita, nilimleta kwangu Ilomba. Moyo wake ulikuwa umechoka. Baridi ya Mbeya haina adabu hata kwa wazima, sembuse mgonjwa. Nikimvika masweta mawili ya nailoni, anatetemeka. Nikiongeza la tatu, analalamika: "Mwanangu, yananikandamiza kifua." Alihitaji kitu chepesi chenye joto. Basi nikaanza kupekua mitumba ya Iyunga kama mwehu.

Siku ya nne mkono wangu ulilijua kabla ya macho. Lebo ilisema kashmiri, yale manyoya laini ya ndani ya mbuzi wa nchi za baridi kali. Nikalivuta, likarudi. Nikalisugua, halikuota kibonge. Uzi wake ulikuwa wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Muuzaji hakujua alichonacho, nami sikumwambia. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani.

Sasa, kwetu mtumba hauvaliwi hivi hivi. Wazee waliuita kafaulaya, nguo za watu waliokufa Ulaya, na mgonjwa ndiye wa kulindwa zaidi. Nikabandika sufuria kubwa. Nikalichemsha, nikaligeuza kwa mwiko, nikajisifu kwa usafi wangu.

Manyoya si nailoni, maji ya moto huyakunja na kuyagandisha. Lililotoka lilikuwa nene, gumu, la kumtosha mtoto wa miaka miwili. Nikalivuta. Halikuvutika hata kidogo. Nilikaa chini jikoni nikalia kwa hasira. Mimi, binti wa fundi, mjinga kiasi hicho!

Nilimpelekea hivyo hivyo. Mama alilipapasa muda mrefu, akajaribu kuingiza mkono kwenye mkono wa sweta, ukakwama kabla ya kiwiko.

"Umelichemsha?"

"Nimelichemsha, mama."

"Hata mimi ningelichemsha. Nyie wote niliwachemshia nguo."

Nilitamani anigombeze. Badala yake aliniomba nimlaze nalo kifuani, na hapo kweli hakulalamika uzito. Lakini lilifunika kifua tu. Mikono na miguu ilibaki ya baridi, nami nikawa naisugua mchana kutwa, najua sina la zaidi.

Hakuufikia mwezi wa nane. Tulimpeleka kwao Kalenga. Kabla ya safari nilimvika masweta yake ya nailoni, moja juu ya jingine, yote matatu. Safari hii hakusema yanamkandamiza.